Redio ya Biblia ya shilingi 68,000: nimesikiliza anguko la Sauli nikishona majoho

Nianze na bei, maana kila anayeingia kwenye fremu yangu huiulizia kabla salamu haijaisha. Nilitoa shilingi 68,000 Kariakoo, mwezi wa pili, siku niliyofuata zipu na bitana. Kijana alianzia 85,000. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimetoka Morogoro na basi la alfajiri, usinifanye mtalii. Akacheka, akashusha.

Ni kidude cheusi, ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Mgongoni kina kioo cha sola, mbele spika, pembeni tochi ambayo imenifaa kuliko nilivyotegemea, umeme ukikatika nikiwa natunga uzi. Ndani kuna Biblia nzima ya Kiswahili, ile tafsiri ya zamani tuliyokulia nayo, yenye maneno kama naivera, vazi la makuhani, na shibiri. Wasomaji wamegawana sauti za wahusika, na kinanda au ngoma huingia kila mtu fulani huko studio alipoona jambo ni zito. Kina redio ya kawaida pia. Sijaigusa.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 27 huu. Nina mashine mbili za kukanyaga na ovaloki moja ya umeme. Macho yangu yakishashinda kwenye sindano, jioni hayataki kusikia habari ya herufi ndogo, ndiyo maana nikatafuta kitu cha kusomewa. Nilianzia Mwanzo kama kila mtu, na kama kila mtu nikakwama Mambo ya Walawi. Halafu nikapata oda ya majoho 32 ya kwaya, zambarau yenye kola nyeupe, nikasema hii kazi inataka hadithi inayotembea. Nikabonyeza hadi Samweli wa Kwanza. Sura 31. Ukianza asubuhi, ukiwa na mishono mirefu iliyonyooka, mchana umefika Gilboa, mlima alikofia Sauli. Nimekipitia kitabu hicho mara tano sasa, kwa hiyo redio hii naipima kwa kitabu kimoja na kwa mfalme mmoja, Sauli, wa kwanza wa Israeli. Walioinunua kwa ajili ya Zaburi watasema yao.

Spika ni ndogo ila ina nguvu. Mlio wa mashine ya kukanyaga inaushinda bila taabu. Ovaloki haiiwezi, nikiwasha ovaloki nazima Biblia. Jua likiwapo, ukiiweka dirishani saa tatu asubuhi, saa nane mchana imeshiba na itakufikisha masaa manne au matano. Masika usiitegemee sola, tumia waya. Kinachokera ni vitufe. Kuna cha kitabu na cha sura, basi. Cha kurudi nyuma kidogo hakuna. Mteja akiingia, shikamoo mama, marahaba, ukageuka kumpima kiuno, ukirudi mistari kumi imekwisha kupita na huna njia ila kuanza sura upya. Sura ya 17, ya Daudi na Goliathi, ina mistari 58. Yule Mfilisti nimemsikia akivishwa shaba yake mara nane kabla sijapata kumsikia akianguka.

Wasomaji kwa jumla ni wazuri, hawakimbizi, Kiswahili chao kimenyooka. Tatizo walikuwa wachache kuliko wahusika, na inasikika. Aliyesoma Sauli ndiye huyohuyo aliyesoma Goliathi, ila Goliathi wamemtia mwangwi kama anaongea ndani ya pipa. Kwa hiyo pale bondeni Sauli anatetemeka akiogopa sauti yake mwenyewe. Mimi naamini ni ubahili wa watengenezaji, lakini umetokea vizuri.

Sasa sura ya 15, ambayo ndiyo nguzo ya habari zote za Sauli. Nabii Samweli anamletea agizo la Bwana: nenda ukawapige Waamaleki, usibakize mtu wala mnyama. Mstari wa tatu unataja hadi watoto wanyonyao, na msomaji anaupita kwa sauti ileile anayotajia ng'ombe na punda. Mara ya kwanza hapo nilitoa miguu kwenye pedeli. Sina maelezo ya mstari ule, na mchungaji wetu naye huwa anaupita haraka. Sauli anakwenda na askari 200,000, na watu 10,000 wa Yuda. Anashinda. Kisha anambakiza hai Agagi mfalme wao, anabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na kile kilicho dhaifu ndicho anachokiangamiza. Anapitia Karmeli kujisimamishia nguzo ya ukumbusho, anashuka Gilgali. Samweli akitokea tu, Sauli anamwahi kwa baraka na kumwambia ameitimiza amri ya Bwana. Samweli anamuuliza, basi hiki kilio cha kondoo masikioni mwangu ni cha nini?

Waliorekodi wameweka kondoo wa kweli. Wanalia kwa chini, na wanaanza kulia Sauli akiwa bado anaongea, yaani wewe msikilizaji unawasikia kabla Samweli hajauliza. Aliyewaza hilo nampa mia kwa mia.

Fundi yeyote anamjua huyu Sauli. Mteja anakuletea kitenge, unashona, kinabaki kipande cha kutosha kitu kidogo, unamwambia kitambaa kimeisha chote mama, mwili wako siku hizi umeongezeka. Nisijitoe. Miaka mingi iliyopita nilibakiza kipande cha kitenge cha njano chenye tausi, nikamshonea binti yangu gauni la kuendea Sunday school. Jumapili mwenye kitenge akakaa benchi la nyuma yetu. Hakusema neno, aliligusa tu lile gauni begani kwa vidole viwili, kama anayeangalia ubora wa nguo dukani. Mimi kondoo zangu zililia namna hiyo, na yule mama hakurudi tena kwangu.

Na utetezi wa Sauli ni wetu mafundi hasa. Anasema watu ndio waliobakiza, tena walibakiza ili wamtolee dhabihu Bwana, Mungu wako. Mungu wako, anamwambia Samweli. Hasemi Mungu wetu. Ni kama mimi ningemfuata yule mama nje ya kanisa nimwambie nilibakiza ili nimshonee yeye foronya.

Hapa ndipo nalalamika kuhusu sauti, na hili ni kubwa kuliko habari ya vitufe. Anayesoma Samweli katika sura hii ananguruma. Hukumu inatoka na ngoma: kwa kuwa umelikataa neno la Bwana, yeye naye amekukataa wewe usiwe mfalme. Dum. Lakini mistari michache nyuma, wa 11, tumekwisha kuambiwa kwamba Samweli alimlilia Bwana usiku kucha. Mtu aliyelia usiku kucha hana sauti ya mwalimu wa zamu asubuhi. Sauti yake imekauka. Na sura inaisha Samweli akimlilia Sauli, na ya 16 inaanza na Bwana akimuuliza utamlilia hadi lini. Mzee huyu ndiye aliyempaka mafuta yule kijana aliyekuja kutafuta punda za baba yake. Amemlea. Anamsomea hukumu mtoto wake, na waliorekodi wamempa sauti ya bosi anayefukuza mfanyakazi. Wangemwacha yule yule msomaji, wakatoa ngoma, wakamwambia asome pole pole.

Halafu nguo. Samweli anageuka aondoke, Sauli anashika pindo la vazi lake, linararuka. Samweli anamwambia, Bwana amekurarulia ufalme wa Israeli leo, amempa jirani yako aliye mwema kuliko wewe. Kwenye redio ule mraruko ni kitu cha nukta moja, wamepasua karatasi, nasikia kabisa ni karatasi. Kitambaa kina mlio mwingine, mzito, wenye vumbi ndani yake. Na niwaambie kitu ambacho mhubiri hawezi kukuambia: pindo ni mahali pagumu kuraruka. Pale kitambaa kimekunjwa mara mbili au tatu na kupigwa mshono. Ukivuta nguo kawaida kinaachia kwingine, kwapani au mfukoni. Pindo likibaki mkononi mwa mtu, basi ama kitambaa kilikuwa kimeoza, ama mtu yule alivuta kwa uzito wake wote. Vazi la nabii sidhani lilikuwa limeoza. Sauli mrefu kuliko watu wote wa Israeli kuanzia mabegani, ndivyo tulivyotambulishwa kwake sura ya 9, yuko chini ananing'inia kwenye nguo ya mzee.

Nikawa nimeanza kusikiliza nguo peke yake. Mteja wangu mmoja anasomea theolojia, alikuja kushonesha kanzu nyeupe, nikamwambia haya akiwa amesimama na mikono juu nampima kifua. Akashusha mikono, tepu ikaniponyoka. Akasema, mama, kwa Kiebrania ni neno moja. Meili. Vazi lililoraruka Gilgali ni meili. Yonathani, mwana wa Sauli, anapovua vazi lake na kumvisha Daudi sura ya 18, ni meili. Daudi anapokata pindo la Sauli pangoni, ni meili. Na kikanzu alichokuwa Hana mama yake Samweli akimshonea kila mwaka na kumpelekea Shilo, alikomtoa amtumikie Bwana, meili pia. Nikamuuliza kwa nini hawatuambii. Akasema yeye mwenyewe alijua neno lakini hakuwahi kuzipanga pamoja. Kanzu yake nilimpunguzia bei.

Hana ndiye aliyenikalia zaidi. Fikiria kushonea mtoto unayemwona mara moja kwa mwaka. Sisi tunaoshona sare za watoto wa bweni tunajua unavyofanya: unakisia, unaongeza inchi mbili kila upande, na chini unaacha pindo nene la kufumua mtoto akirefuka. Kila mwaka yule mama anafika na nguo aliyoikata kwa kukisia, na nina hakika mara nyingine ilikuwa fupi mikononi.

Na ile ya Daudi pangoni, En-gedi, sura ya 24. Sauli anaingia kujisaidia, hajui kuwa Daudi na watu wake, anaowawinda, wako ndani zaidi. Daudi anakata pindo la vazi kimyakimya. Kitambaa unaweza kukikata mtu asisikie, ila mpaka kisu kiwe kikali, na ukishike kitambaa kwa mkono mwingine kikaze. Ukikivuta kidogo tu kinapiga kelele. Maana yake Daudi alipiga magoti karibu kabisa, akalishika lile vazi kwa mikono yote miwili. Baadaye moyo ukamchoma kwa kukata tu nguo, wakati Sauli alikwisha kumrushia mkuki na huko Nobu alikwisha kuamuru wauawe makuhani 85 waliovaa naivera za kitani. Hii sehemu redio imeifanya vizuri sana. Hakuna kinanda. Unasikia pumzi za watu, basi.

Hapo pangoni ndipo redio ilipokufa. Tundu la chaji lilianza kucheza, ukichomeka waya linapokea ukiushika kwa kidole, ukiachia linakata, na wiki ile mvua ilikuwa haikatiki kwa hiyo sola nayo ilikuwa pambo. Nilipewa waranti ya miezi 6, karatasi ninayo. Nikasafiri nayo hadi dukani. Kijana si yule wa kwanza. Akalitazama tundu, akaniambia mama hii umeichezea mwenyewe, waranti haihusu tundu. Nikamuuliza waranti inahusu nini. Akasema inahusu redio. Nikamwambia na hii niliyoshika ni nini, akawa anazungumza na mteja mwingine. Duka silitaji. Ninachosema ni kwamba karatasi ya waranti ya kitu hiki usiihesabu kwenye bei. Fundi simu jirani yangu alilichoma upya kwa 5,000 na hadi leo liko imara. Kwa wiki mbili Sauli wangu alikaa pangoni na vazi lake limekatwa.

Iliporudi nikaenda moja kwa moja hadi sura ya 28, na kwa ajili ya sura hiyo peke yake nisingeirudisha hata wangenirudishia pesa zangu.

Samweli amekwisha kufa. Wafilisti wamepanga Shunemu, Sauli yupo Gilboa, anamuuliza Bwana, hajibiwi, si kwa ndoto wala kwa manabii. Yeye mwenyewe alikwisha kuwafukuza nchini wenye pepo wa utambuzi, wanaoita wafu. Sasa anavua mavazi yake, anavaa mengine, anatoka usiku na watu wawili kwenda kwa mwanamke mmoja wa aina hiyo, wa En-dori. Nilicheka kidogo mara ya kwanza. Mtu mrefu namna ile unamvika nini asijulikane? Nguo ya kuazima ingemfika magotini. Nina hakika yule mwanamke alimtilia shaka tangu mlangoni, maana jambo la kwanza analosema ni kwamba unajua alivyofanya Sauli, mbona unanitegea nife.

Aliyemsoma huyu mwanamke sijui wamemtoa wapi. Wote wengine wanasoma Biblia. Yeye anaongea. Sauti ya mama mtu mzima aliyegongewa mlango usiku, anayejua kukataa kwa adabu. Anapomwona Samweli anapiga kelele, si za sinema, ni kile kiukelele kinachomtoka mtu akishika pasi ya moto. Sauli anamuuliza umbo lake likoje. Anajibu ni mzee anayepanda, amejifunika vazi. Na Sauli anajua ni Samweli, anainama hadi chini. Yeye mwenyewe hajaona kitu. Ameambiwa mzee na vazi tu, imetosha. Yule mwanafunzi alikwisha kuniambia: ni meili tena. Lile ambalo pindo lake lilibaki mkononi mwa Sauli, au jingine kama hilo. Mimi nimeamua ni lilelile, halijatiwa kiraka.

Samweli anamrudia yale ya Gilgali, Bwana ameurarua ufalme mkononi mwako, na safari hii jirani anatajwa jina, Daudi. Kesho wewe na wanao mtakuwa pamoja nami. Hapa msomaji wa Samweli hangurumi. Sijui kama ni siku nyingine alirekodi, au koo lilikuwa limemkauka, lakini anasoma kwa uchovu, kama mzee aliyeamshwa, na ndivyo inavyotakiwa. Kama sura ya 15 ingesomwa hivi ningempa nyota zote.

Sauli anaanguka chini kwa urefu wake wote. Huo urefu tulioonyeshwa sura ya 9 sasa uko sakafuni kwenye nyumba ya mwanamke aliyemfukuza. Hajala mchana kutwa wala usiku kucha. Na yule mama anafanya jambo ambalo mimi kwa kusoma nililipita kila mara. Anamwambia, nimekusikiliza, nimeitia roho yangu mkononi mwangu, sasa na wewe nisikilize mimi, nikuwekee kipande cha mkate ule upate nguvu za kwenda. Sauli anakataa. Wanamlazimisha. Anainuka, anakaa kitandani. Mwanamke alikuwa na ndama wa kunona ndani ya nyumba, anamchinja usiku ule ule, anakanda unga, anaoka mkate usiotiwa chachu. Kwenye redio msomaji anapunguza mwendo hapa na nyuma yake kuna sauti ya moto wa kuni, hakuna kingine. Mfalme aliyehukumiwa kwa sababu ya wanyama walionona anapikiwa ndama aliyenona na mtu ambaye sheria yake ingemuua. Mimi nilikuwa naweka kola nyeupe kwenye joho la kumi na tisa, nikaishona upande mmoja juu chini, ikabidi nifumue.

Sasa kasoro ya ajabu. Katika redio yangu sura ya 29 na ya 30 hazipo. Namba inaonekana kwenye kioo, inakwaruza kidogo, inaruka. Kwa hiyo unasikia wakala, wakaondoka, wakaenda zao usiku ule, na mara moja Wafilisti wakapigana na Israeli. Kutoka mkate wa En-dori hadi mishale ya Gilboa hakuna hata pumzi. Nilikwenda kuangalia kwenye Biblia ya karatasi nione nilichonyimwa. Ni habari za Daudi, Wafilisti wanamkataa asiende nao vitani, halafu mji wake wa Siklagi unachomwa na anawafuata Waamaleki. Ni sura nzuri, na mtu aliyelipa Biblia nzima ana haki nazo. Lakini nisiwadanganye, kwa upande wa Sauli hitilafu hii inasimulia vizuri kuliko studio.

Gilboa wameijaza ngoma tena, naipita. Wanawe watatu wanauawa, Yonathani, Abinadabu na Malkishua. Wapiga upinde wanampata Sauli. Anamwomba mchukua silaha wake amchome, yule anaogopa, Sauli anaangukia upanga wake mwenyewe. Kesho yake Wafilisti wanakuja kuwavua nguo waliokufa, wanamkata kichwa, silaha zake zinawekwa nyumba ya Maashtorethi, miungu yao, mwili unatundikwa ukutani Beth-shani. Aliyemvisha Daudi mavazi yake ya vita siku ya Goliathi, yakamkataa mwilini, sasa hana hata uzi. Kisha watu wa Yabesh-Gileadi wanasikia. Hawa ndio aliowaokoa sura ya 11, mwanzoni kabisa, Nahashi Mwamoni alipotaka kuwang'oa macho ya kulia. Wanatembea usiku kucha, wanaishusha miili, wanaichoma, wanaizika mifupa chini ya mti, wanafunga siku saba. Hakuna nabii aliyewatuma. Msomaji hapa anasoma haraka, nadhani aliona kitabu kinaisha akataka kwenda nyumbani.

Redio ikimaliza sura ya 31 haisimami, inaingia Samweli wa Pili yenyewe. Mwanzoni iliniudhi. Siku ya kujaribisha majoho walikuwa ndani kina mama saba wa kwaya, wengine na pini mabegani, redio ikiwa mezani imesahaulika, ikaanza Daudi anaomboleza. Wakawa wanaongea, kisha wakapungua kuongea. Anawaambia binti za Israeli wamlilie Sauli, aliyewavika mavazi mekundu ya anasa, akawatia mapambo ya dhahabu juu ya nguo zao. Mmoja wao, kiongozi wa sauti ya pili, akiwa kwenye kioo anajiangalia zambarau yake, akasema, kumbe alikuwa anavalisha watu. Nikamwambia geuka nikuangalie mgongo.

Nyota nne. Nimetoa moja kwa ngoma za sura ya 15 na kwa wale vijana wa dukani, wagawane. Ukienda kununua, chomeka waya ukiwa palepale kaunta na uutikise uone kama chaji inakata, na kabla hujatoa pesa bonyeza Samweli wa Kwanza 29 usikilize kama inasoma.